Vidonge vya "kufufua utumbo": viuzwe kama chakula au vidhibitiwe kama dawa?

Mwalimu wa Baiolojia, Buruburu

Hapa jijini Nairobi wazee wanauziwa vidonge na unga kwa maelezo kwamba vinafufua seli za utumbo. Msimamo wangu ni huu: anayedai kufufua seli ni muuza dawa. Apeleke ushahidi uliotoka kwa watu mbele ya Bodi ya Famasia na Sumu kabla hajachukua shilingi ya mzee.

Sayansi yenyewe si porojo. Ukuta wa ndani wa utumbo hujivua na kuota upya kila siku nne au tano hivi, na kazi hiyo hufanywa na seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine, zilizojibanza chini kabisa ya vishimo vidogo vya ukuta huo. Kikundi cha Hans Clevers kule Uholanzi kilizitambua mwaka 2007 kwa alama ya jeni iitwayo Lgr5. Uzeeni seli hizi hudorora, na mara nyingi tatizo liko kwa majirani. Seli za Paneth, zinazokaa nazo bega kwa bega, huchangia ishara ya Wnt inayoziamuru zigawanyike. Mwaka 2019 watafiti wa Helsinki walionyesha kwamba seli za Paneth za panya wazee hutoa pia protini inayoitwa Notum, ambayo huizima ishara hiyohiyo. Walipoizuia Notum, utumbo wa panya wazee ulistahimili vizuri zaidi dawa ya saratani. Kazi safi. Lakini kizuizi hicho hakimo kwenye chupa hizi.

Mwenye duka la dawa, Ngara

Mwalimu, shikamoo, ila umechagua utafiti unaokufaa. Ninayouza mimi ni nikotinamaidi raibosaidi, jamii ya vitamini B3. Mwaka huohuo wa 2019, kikundi cha Leonard Guarente cha chuo kikuu cha MIT, Marekani, kiliwapa panya wazee, na seli shina za utumbo zikaongezeka tena na kufanya kazi. Sasa mnataka tungoje majaribio ya watu yaishe? Wazee wetu watakuwa wameshazikwa. Na wenye pesa wataagiza Dubai hata mkipiga marufuku.

Mwalimu wa Baiolojia, Buruburu

Marahaba. Huyo Guarente ni mwanzilishi mwenza wa Elysium Health, kampuni inayouza vidonge vyenye kitu hichohicho. Sisemi utafiti wake ni mbovu. Nasema mteja wako ana haki ya kulijua hilo.

Mkazi wa Eastleigh

Mnagombania chupa na tiba ipo bure. Kufunga! MIT haohao, mwaka 2018: panya walinyimwa chakula saa 24, seli shina zikaanza kuchoma mafuta badala ya sukari, na uwezo wake wa kuota upya ukaongezeka karibu maradufu, hata kwa panya wazee. Sisi tunafunga kila Ramadhani na hatujamlipa mtu.

Muuguzi, Kayole

Kaka yangu, endelea kusoma. Mwaka 2024 maabara ileile ya jaribio hilo la kufunga, ya Ömer Yilmaz, ilirudi na habari nyingine: kishindo kikubwa cha seli kugawanyika huja pale panya anapoanza kula tena. Hapo seli hutengeneza kwa wingi poliamini, kemikali zinazosaidia seli kukua, na kuongezeka kwa kasi. Jeni ya kuzuia saratani ikizimwa katika kipindi hicho, vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani huwa vingi kuliko kwa panya waliokula kawaida. Kinachofufua utumbo ndicho kinachoweza kuukuza uvimbe. Hili muuzaji hawezi kulisema.

Halafu Ramadhani hapa Nairobi ni saa 13 na kitu, kisha futari. Ibada yako sina neno nayo. Ninaowaogopea ni wazee wa kisukari wanaomeza vidonge vya kushusha sukari, kisha wanasikia redioni kwamba kukaa siku nzima bila kula kunarudisha ujana. Hao huzirai.

Mwalimu wa Baiolojia, Buruburu

Asante, dada. Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walihesabu mabadiliko ya jeni kwenye vishimo vya utumbo vya aina 16 za mamalia. Mtu hupata yapata 47 kwa mwaka katika kila seli, panya karibu 800. Fuko uchi, yule wa ardhi kavu za kaskazini mwetu, anayeweza kupita miaka 30, hupata kama 93. Yaani panya huzeeka mbio, na seli shina za mzee wa miaka 75 zimebeba mabadiliko ya miongo mingi kabla hujaziamsha. Kwa nini basi tumpimie mzee dozi kwa kipimo cha panya wa miaka miwili?

Kijana wa Kasarani

Wasee, shosho yangu analalamika tumbo tangu Pasaka na tayari ameuziwa hiyo B3. Hakuna aliyempima.

Muuguzi, Kayole

Mpeleke wiki hii, usingoje. Waeleze kama anapungua uzito, kama choo kina damu au ni cheusi, na kama anameza dawa za maumivu ya viungo, maana hizo huchubua tumbo. Na hiyo chupa ibebe, daktari aione.

Mwenye duka la dawa, Ngara

Hapo naungana na muuguzi, kijana ampeleke. Mimi nitabandika kwenye rafu kwamba imejaribiwa kwa panya. Kuitoa, siitoi. Sheria haijaniambia.

Mwalimu wa Baiolojia, Buruburu

Bandika kwa Kiswahili basi, na maandishi yawe makubwa kuliko ya bei.