Mrejesho: turbo niliyofunga kwenye Land Cruiser ya 1HZ

Wakuu, niliwaahidi mrejesho. Niliuliza kama ni salama kufunga turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) ya kununua kando kwenye 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, maana nikipanda mlima Kitonga na mzigo nilikuwa narudi hadi gia ya pili. Wengi mlinikataza. Nikafunga.

Miezi minne ilikuwa raha, gari linavuta hadi unasahau umebeba nini. Ila fundi alifungulia dizeli zaidi kwenye pampu na hakuweka geji ya joto la moshi. Geji ya maji ilisoma kawaida siku zote, nami nikatulia. Kumbe joto la maji halikuambii pistoni inaungua kiasi gani! Siku hiyo katikati ya mlima nguvu zikakata, moshi wa bluu ukajaa nyuma, dipstick (kijiti cha kupimia oili) ikarushwa na oili ikatapakaa kwenye boneti. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa na ufa unaoingia ukucha, na silinda hedi imepasuka kati ya valvu.

Fundi wa pili alinieleza vizuri. 1HZ iliundwa bila turbo, na mgandamizo wake, yaani jinsi inavyobana hewa ndani ya silinda, tayari ni mkubwa: 22.4 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, aliyetoka kiwandani na turbo, ana mdogo zaidi, 18.6 kwa 1, na pistoni zake ni nyingine kabisa.

Nimerudisha injini ilivyokuwa. Aliyekwishafunga, tafadhali weka geji ya joto la moshi, ipime moshi kabla haujafika kwenye turbo, na dizeli ipunguzwe kabla hujabeba mzigo tena.