Je, kundi la ndege kwenye kompyuta linathibitisha lolote kuhusu ndege halisi?

Mwanafunzi wa Kompyuta:
Habari zenu, ndugu. Nimeandika programu inayoiga kundi la ndege kwa kanuni tatu alizozitangaza Craig Reynolds mwaka 1987: kila ndege aepuke kugongana na walio karibu naye, alinganishe mwelekeo wake na wao, na asogee kuelekea katikati yao. Hakuna kiongozi, wala sikuandika popote umbo la kundi, lakini linapinda, linagawanyika na kuungana tena kama makundi tunayoyaona angani. Je, naweza kuandika katika ripoti yangu kwamba ndege hufuata kanuni hizi?

Mtazama Ndege:
Hongera, ndugu yangu, ila sentensi hiyo usiiandike. Umeonyesha kwamba kanuni tatu zinatosha kuzaa mwendo unaofanana na wa kundi. Hujaonyesha kwamba ndizo anazozifuata ndege, kwa kuwa kanuni nyingine zinaweza kuzaa mwendo uleule. Reynolds mwenyewe alikuwa mtaalamu wa michoro ya kompyuta, na shida yake ilikuwa kuchora kundi bila kumwongoza kila ndege kwa mkono.

Chukua neno "karibu" ulilolitumia. Watafiti wa Italia walipiga picha makundi ya kwezi jijini Roma kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, kisha kompyuta ikamtambua ndege yuleyule katika kila picha (kazi ngumu kweli, maana wote ni vidoa vyeusi tu) na kukokotoa mahali alipo angani. Mwaka 2008 walichapisha matokeo kwamba kila kwezi huathiriwa na majirani sita au saba hivi, bila kujali wako umbali gani. Walilijua hilo kwa sababu makundi yalitofautiana kwa msongamano: masafa ya athari yakipimwa kwa mita yalibadilika kutoka kundi hadi kundi, ilhali yakihesabiwa kwa idadi ya majirani yalibaki yaleyale.

Mwanafunzi wa Kompyuta:
Mimi niliweka umbali maalumu, na yeyote aliye nje yake haonekani. Je, niufute?

Mwandishi wa Programu:
Usiufute. Weka matoleo mawili, moja la umbali na moja la idadi, kisha mwingize mwewe wa kuigiza katika yote mawili. Watafiti hao walifanya jaribio la namna hiyo, na kundi la idadi lilishikamana vizuri zaidi, kwa sababu ndege aliyetengwa na wenzake bado alikuwa na majirani wa kuwafuata. Hesabu ni vipande vingapi vinavyobaki baada ya kila shambulio, urudie mara nyingi kwa mianzo tofauti, na usitegemee macho. Kwa macho yangu mimi, matoleo yote mawili yalikuwa mazuri sawasawa.