Kaunti inakamata wanyama, inatoza ada ya malisho, halafu inawaacha na kiu!

Wadau, nimetoka kwenye banda la kaunti yetu kukomboa mbuzi wa mama mkwe na leo sinyamazi. Mbuzi, punda na mbwa wamerundikwa uwanja mmoja, jua la utosi, kivuli hakuna. Beseni la maji ni moja, limeota ukoga, na mbwa wamefungwa kamba fupi hawalifikii. Nikamuuliza askari wa kanjo wananyweshwa saa ngapi. "Lipa kwanza, mzee." Nikalipa. Risiti imeandikwa malisho, kwa kila siku. Malisho gani, jamani? Hata unyasi sikuuona!

Katiba ya Kenya ya 2010 haikuficha kitu. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao, pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Kukamata wanakujua sana. Kutunza je?

Tena kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mimi nikimfunga punda wangu juani bila maji nashtakiwa. Kaunti ikimfunga huyohuyo, nani ataishtaki?

Na asije mtu hapa na "ni mbwa tu hao". Mbwa aliyeuma mtu anatakiwa atengwe na kuangaliwa siku 10, kwa sababu kama alikuwa na kichaa wakati anauma, dalili zitajitokeza au atakufa ndani ya siku hizo. Sasa huyu akifa kwa kiu siku ya tatu, mwenye jeraha ataambiwa nini? Na kama kweli ana kichaa, mnamwekaje pamoja na mbuzi wa watu? Nchi imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mabanda yenyewe ndiyo haya!

Bunge la kaunti litunge kanuni zenye vipimo: nafasi ya kila mnyama, kivuli, maji yabadilishwe mara ngapi, daktari wa mifugo apite lini, na daftari la kila anayeingia na kila anayefia humo. Daftari hilo mwananchi yeyote aruhusiwe kulisoma.

Kama kaunti yenu ina kanuni za namna hii, ziwekeni hapa tuzisome. Na mwenye risiti ya "malisho" aipige picha, afiche jina, aiweke. Nazikusanya nizipeleke kwa karani wa bunge la kaunti pamoja na yangu.