Kuna bima za umma zinalipia kung'oa jino, kuliziba hazilipi. Huu ni utaratibu gani?

Wakuu, nimechoka na hili jambo, leo nalisema.

Kuna bima za afya zinabebwa na kodi za wananchi, lakini fungua kitita chake, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, usome. Upasuaji upo, kulazwa kupo, ICU ipo. Shuka mpaka kwenye meno: kung'oa tu. Kuziba hakuna, kutibu mzizi hakuna, kusafisha fizi ndiyo usiulize kabisa. Miwani hakuna. Kifaa cha kusikia hakuna.

Chukua jino moja lenye tundu. Likizibwa mapema ni kazi ndogo, mtu anaenda zake. Likiachwa, uozo unafika kwenye mzizi, usaha unajaa, shavu linavimba, na kuna ambao maambukizi huwashukia shingoni hadi wakashindwa kupumua. Hapo sasa yule yule aliyenyimwa kuzibiwa anakimbizwa hospitali, anapasuliwa kutolewa usaha, anatundikiwa dripu za antibayotiki, na bima inalipa yote! Kumbe hela ipo, ila haitoki mpaka mtu awe mahututi.

Mwenye kisukari je? Fizi zikiugua sukari inagoma kushuka, na sukari ikiwa juu fizi zinazidi kuharibika. Insulini analipiwa, kwa daktari wa meno anaambiwa ajitegemee.

Na msije na hoja ya umaskini. Marekani, Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilianzishwa 1965, na mpango wake wa asili mpaka leo haulipii matibabu ya kawaida ya meno, miwani ya kawaida wala vifaa vya kusikia. Wazee hao! Sheria yao ya bima ya afya ya 2010 (Obamacare) ikaweka makundi 10 ya huduma za lazima, meno na macho yakaingizwa kwa watoto, watu wazima wakaachwa.

Najua kuna watakaosema hela ya umma ina mipaka. Sawa, anayetaka meno yang'ae ajilipie. Lakini mtu asipoipata huduma, je, atashindwa kula, kuona, kusikia au kufanya kazi? Kama ndiyo, iingie kwenye kitita, basi. Mtoto asiyeona maandishi ubaoni mnamwandikia miwani kuwa "huduma ya ziada"? Ziada ya nini?

Mnaokaa kwenye bodi za bima na mnasoma humu, njooni mjibu hapa hapa: mlipopanga hicho kitita, daktari wa meno alikuwepo kikaoni?