Tupeane uzoefu: umefungua tena biashara Goma, unafanyaje?

Mama wa malewa, Birere
Wandugu, tangu tarehe 22 Julai mwaka huu wa 2020 tumeruhusiwa kufungua tena baada ya kufungwa kwa sababu ya korona (COVID-19). Malewa yangu, mgahawa wangu mdogo, ilifungwa tangu Machi, na likelemba yetu, mchango wa kupeana zamu, ikafa hapo hapo. Naomba kila mmoja aeleze alichofanya mwenyewe, si alichosikia. Naanza mimi.

Ndoo ya maji ya klorini mlangoni haikunisumbua. Tuliizoea mwaka jana Ebola ilipoingia mjini, na hata watoto wanajua kutoa paji la uso wakiona termoflashi, kile kipimajoto cha kuelekeza usoni. Nikadhani nikirudisha ndoo nimemaliza. Kumbe Ebola hupitia majimaji ya mgonjwa, lakini hii korona ya sasa inatembea na pumzi, na chumba changu kina dirisha moja tu, nalo nilikuwa nimeliziba kwa kreti za bia. Nimezihamisha. Meza nane zimekuwa nne, na mbili kati ya hizo ziko nje chini ya bashi (turubai). Zamani kila mtu alijipakulia sombe (mboga ya majani ya muhogo), sasa anapakua binti mmoja mwenye barakoa. Wanaokuja na bakuli zao na kubeba fufu nyumbani ndio walioniokoa. Kinachonila ni maji: bidoni (madumu) tatu za ziada kila siku.

Fundi cherehani, Katindo
Aksanti Mama. Kazi yangu bila kumkaribia mtu haifanyiki, kwa hiyo nimeipunguzia muda. Mteja anapiga simu kwanza, anakuja peke yake, wote tumevaa kashene (barakoa), napima uani. Kifua na mabega napima nikiwa nyuma yake. Vipimo vya wateja wa zamani ninavyo kwenye daftari, sioni haja ya kuwapima upya. Wanaokuja wanne kwa nguo za harusi nawaambia wapeane zamu, na wengine wananuna.

Muuza sambaza, Kituku
Sisi wa sokoni hatuna mlango wala dirisha. Nimeweka beseni mbele ya meza ili mnunuzi asiiname juu ya samaki, na pesa anaitia kwenye kopo. Basi. Kinachoniumiza ni mpaka: wateja wangu wa Gisenyi, upande wa Rwanda, siwaoni tangu Machi, nangoja hiyo tarehe 15 Agosti waliyosema mipaka itafunguliwa, kama wengine wote.

Kinyozi, Ndosho
Mimi sikufungwa na amri. Nilijifunga mwenyewe mwezi wa Juni.

Nilianza na kikohozi, nikasema ni vumbi la barabara. Siku ya tatu pilipili ikawa haina harufu puani mwangu. Nikaenda kupimwa, wakanikuta na korona. Usiku ule sikulala kwa ajili ya ugonjwa wenyewe. Nilikuwa nahesabu vichwa nilivyonyoa wiki ile. Wazee watatu walikuwemo. Asubuhi nikawapigia simu wote niliokuwa na namba zao, mmoja mmoja. Wengine walinitukana. Papa mmoja wa mtaani kwetu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, aksanti kuniambia."

Nikafunga siku 14. Mwenye nyumba alitaka pesa yake yote, na nilimlipa kwa kuuza mashine moja. Nilipofungua nilidhani nitakaa na kiti kitupu. Papa yule ndiye aliyekuja wa kwanza, akakaa, akaniambia ninyoe.

Sasa viti ni viwili, mlango wazi hata mvua ikinyesha, na daftari la majina na namba za simu liko mezani. Naomba wenzangu mliweke hilo daftari. Bila namba ningewaambia nini wale wazee?

Mama wa malewa, Birere
Pole sana, mwanangu. Kesho nanunua daftari. Nisaidie na hili: klorini ya mikono na ya meza unachanganya sawasawa? Binti yangu mikono imechubuka.

Kinyozi, Ndosho
Hapana Mama, anatumia kali. Ile ya unga ya asilimia 70: ya mikono ni kijiko kimoja kikubwa kwa bidoni ya lita 20. Ya meza na sakafu ni vijiko kumi. Changanya upya kila asubuhi, usiitie sabuni ndani, na kila bidoni iandike kwa rangi yake. Huyo binti mpe maji na sabuni tu mpaka apone.

Fundi cherehani, Katindo
Mama, nina vipande vya kitenge. Mtume binti kesho mchana nimpe barakoa sita za tabaka tatu, abadilishe kila zikilowa jasho la jikoni.