Mboga siijui kwenye kapu la Lushoto, bua jekundu jani pana. Inaungwaje kwa nazi?

Bint Chumbageni: Wapendwa, nimekwama jikoni. Kuna kijana hutuletea kapu la mboga kutoka Lushoto, unalipa kabla na unapokea kilichovunwa wiki hiyo. Leo nina karoti, kabichi na liki, halafu rundo la kitu nisichokijua. Bua jekundu nene kama kidole gumba, jani pana lenye mikunjo. Kijana hapokei simu. Nina mgeni jioni, niiungeje?

Mzee wa Kahawa: Mwanamke wa Tanga anauliza mtandaoni kuunga mboga! Dunia imekwisha.

Mama Wawili: Jani ni jani tu, shoga. Kitunguu, nyanya, tui jepesi, mwisho tui zito na usifunike lisikatike. Mie nilipoolewa Muheza wifi zangu walinipa kisamvu nitwange, nikatwanga hadi kinu kikahama mahali pake. Wamekaa barazani wanacheka. Hadi leo sijawasamehe.

Mgosi wa Soni: Kwanza tuambie, bua ukililamba ni chachu?

Bint Chumbageni: Chachu hasa, kama ukwaju. Ila mabua nimeyatenga nitupe. Majani ndiyo yako jikoni, nimetia na magadi kidogo yalainike.

Mgosi wa Soni: Zima jiko! Hiyo ni rubabi, inapenda baridi ya huku kwetu juu. Kinacholiwa ni bua. Majani yana asidi ya oksaliki nyingi, ni sumu, na magadi hayaiondoi. Bua unalikata vipande, sukari ya kutosha, maji kidogo sana, likichemka linalegea lenyewe kama jamu.

Bint Chumbageni: Mbona nimesoma hata mchicha una hiyo asidi na tunaula kila siku? Na nazi mbili nimeshazikuna. Nikimwaga maji ya kwanza je?

Muuguzi Mstaafu: Hapana, mwanangu. Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza, watu walishauriwa wale hayo majani kwa kuwa mboga zilikuwa haba, na wapo waliokufa. Mgeni wako nani? Kuna mtu ameshaonja?

Bint Chumbageni: Hakuna aliyeonja. Mgeni ni mtu wa kawaida tu.

Muuguzi Mstaafu: Wa kawaida vipi? Mzima? Mjamzito?

Bint Chumbageni: Haya. Ni baba mkwe, anatoka Pangani. Ana mawe kwenye figo na daktari kamkataza mchicha. Nami nikasema hii si mchicha, sasa kosa langu liko wapi? Na mama mkwe nimeshamwambia kuna mboga maalumu.

Muuguzi Mstaafu: Subhanallah. Mawe mengi ya figo ni kalsiamu iliyoshikamana na hiyo hiyo oksaleti. Huyo hata bua usimpe.

Kachero: Hii chai, tena ya maziwa. Mtanga alipie mboga kabla ya kuiona? Mgandini mtu habebi embe bila kulibinya. Halafu jani la sumu, mkwe wa figo, kijana hapokei simu, vyote Jumamosi moja. Mleta mada ama anatunga, ama anaandaa "sikujua" mapema.

Mzee wa Kahawa: Kuna urithi Pangani? Minazi mingapi?

Bint Chumbageni: Mniheshimu. Mkwe ndiye alinisomeshea mdogo wangu.

Dereva wa Kenta: Makapu yapo, wakuu. Nashusha mboga toka Mombo, kuna wateja wa Raskazone wanalipa kabla. Hayo mabua mekundu nimeyabeba. Nilidhani miwa ya mapambo.

Kachero: Weka picha basi.

Bint Chumbageni: Picha ya nini? Majani nimeshayafukia mbali na mbuzi wa jirani, sufuria nimeisugua. Tatizo langu sasa ni tui, linaharibika. Nikiungia kabichi?

Muuguzi Mstaafu: Kabichi sawa. Na umsisitizie maji ya kunywa.

Mama Wawili: Kabichi kwa nazi?! Shoga, kwa mkwe?

Mgosi wa Soni: Ina ubaya gani? Kwetu tunakula.

Mama Wawili: Kwenu mlimani. Mtu wa Pangani umpe samaki wa kupaka, tui hilo hilo, kabichi uifanye kachumbari pembeni.

Mzee wa Kahawa: Hapo sasa tunaongea. Samaki gani?