Kutoka Caravan za Kisongo kwenda jeti za bei nafuu: namba ya ukongwe inasomwaje?

Upepo wa Meru

Wakuu, salaam. Naomba hesabu, siyo hamasa.

Rubani wa hapa Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, ana saa 1,100 za kuruka, zote za Caravan (ndege ndogo ya injini moja ya safari za mbugani): 700 akiwa kapteni, yaani kiti cha kushoto, na 400 kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Kampuni ya jeti za bei nafuu yenye kituo Dar inampa nafasi ya rubani msaidizi, bondi miaka 3 (akiondoka kabla, anadaiwa gharama za mafunzo). Ina ndege 8. Kwenye usaili ameambiwa kila rubani ana namba ya ukongwe, yaani nafasi yake kwenye orodha kwa tarehe ya kuajiriwa, ukapteni unafuata namba, na kwamba "watu wanaondoka sana, kwa hiyo utapanda haraka". Hiyo kauli ina ukweli kiasi gani? Na je, asubiri kwanza afikishe saa 1,500 hapa hapa ndipo aondoke?

Mzee wa Rosta

Kauli hiyo ni nusu ya hesabu. Tuanze na ukubwa wa orodha. Jeti ya bei nafuu isiporuka saa 11 hivi kwa siku haijilipi. Saa 11 mara siku 365 ni 4,015 kwa mwaka. Ulaya rubani haruhusiwi kuzidi saa 900 kwa mwaka wa kalenda, Marekani 1,000 ndani ya siku 365, ila ukitoa likizo, ugonjwa na mafunzo ya simuleta (mashine ya kuigiza ndege), panga saa 800. Gawanya: kila ndege inataka jozi 5 za marubani. Ndege 8 ni makapteni 40 na wasaidizi 40. Huyo ndugu akiingia leo ni namba 80. Kiti cha kushoto kinaanzia namba 40.

Sasa swali ni nani anaondoka. Anayeondoka chini yako hakusogezi hata hatua moja. Anayekusogeza ni aliye juu yako tu. Kampuni inaweza kupoteza wasaidizi 12 wa chini yako kwa mwaka na wewe ukabaki pale pale, tena unaongezewa safari kwa sababu watu wamepungua.

Tuseme juu yake wanaondoka 6 kila mwaka na ndege zinabaki 8. Inabidi 40 watoke: miaka 6 na miezi 8. Kampuni ikiongeza ndege 2 kila mwaka, nafasi za ukapteni zinaongezeka 10 kwa mwaka huku yeye akipanda 6, wanakutana baada ya miaka miwili na nusu. Ikirudisha ndege moja kwa mwenye nayo, nafasi 10 zinakufa na kupunguza watu huanzia mkiani. Hapo aliyeingia jana ndiye wa kwanza kufungasha.

Kwa hiyo asiulize "wangapi wanaondoka". Aulize: kwa miezi 12 iliyopita wameondoka makapteni wangapi na wasaidizi wangapi, mikataba ya kukodi ndege inaisha lini, na kapteni wa mwisho kupandishwa alikuwa namba ngapi siku anaajiriwa. Hilo la mwisho linamaliza porojo zote.

Aombe pia orodha yenye mwaka wa kuzaliwa. Ukomo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa ndege za biashara zenye marubani wawili ni miaka 65, kwa hiyo kustaafu unakuhesabu kwa kalamu. Tatizo ni kwamba kampuni changa ina makapteni wa miaka 35. Hao hawastaafu kesho wala keshokutwa, wataondoka tu mashirika makubwa ya Ghuba yakifungua milango, na Ghuba haikupi ratiba.

Kiti cha Kushoto

Mimi nichukue hilo la saa 1,500, maana hapa ndipo vijana wengi wa Kisongo wanapojichelewesha.

Kwanza msichanganye na Marekani, ambako tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kwa kawaida anatakiwa saa 1,500. Kwetu kiti cha kulia kinakaliwa kwa CPL (leseni ya rubani wa biashara), IR ya injini nyingi (idhini ya kuruka kwa vyombo bila kuona nje) na taipu retingi (idhini ya aina ya ndege husika). Saa 1,500 ni za ATPL, leseni ya juu ya rubani wa shirika, yaani za ukapteni.

Pili, 1,500 siyo namba pekee. Kwa viwango vya ICAO ndani yake zitoke saa 100 za usiku na 75 za kuruka kwa vyombo, na katika hizo 75 zisizidi 30 za simuleta ya ardhini. Seronera kule Serengeti utatua usiku kwa taa gani? Kazi ya mbugani ni ya mchana na ya kuona kwa macho. Mtu anaweza kufikisha saa 2,000 za Caravan na bado faili lake likarudishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa sababu ya saa za usiku. Saa za ukapteni hizo anazo tele, zinatakiwa 250 naye ana 700.

Tatu, zile 400 za kiti cha kulia azitazame vizuri. Caravan imethibitishwa kwa rubani mmoja. ICAO inasema saa za msaidizi kwenye ndege ya namna hiyo, hata kama mamlaka imeagiza wawepo wawili, zinahesabiwa si zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu, isipokuwa mamlaka ikubali zote kwa sababu ndege ina vifaa vya marubani wawili na inaendeshwa hivyo. Ikiwa nusu, 1,100 yake ni 900. Aende na logibuku (daftari la saa zake) TCAA aulize sasa, asingoje siku ya kuomba ATPL.

Kwenye jeti saa za usiku na za vyombo zinakuja zenyewe kwenye rosta (ratiba ya kazi). Kwa hiyo kusubiri Kisongo hakumpi ATPL, na kila darasa linaloingia kabla yake linamkalia juu. Akiwa na darasa lake aulize pia mnapangwaje mkiingia siku moja: Marekani kampuni nyingi humweka juu mwenye umri mkubwa, kwingine ni bahati nasibu. Tofauti ya nafasi tatu huioni leo, ila utaiona siku ya kugombea likizo.

Binti wa Majengo

Nyote mmehesabu vizuri, lakini mmechukulia kwamba orodha inafuatwa. Marekani orodha imo kwenye mkataba wa chama cha marubani na kampuni, ukikiuka unashtakiwa. Huku mara nyingi ni karatasi ya ofisi ya oparesheni. Aangalie kama imetajwa ndani ya mkataba wa ajira, na kama kuna kifungu kinachoruhusu kuleta makapteni wa nje moja kwa moja. Kikiwepo bila sharti la "pale tu asipopatikana wa ndani mwenye sifa", ile miaka miwili na nusu ya Mzee wa Rosta ifutwe.

Na kuondoka kwa watu kunaweza kuziba njia badala ya kuifungua. Kapteni mmoja akitoka yanazaliwa mafunzo mawili: msaidizi anapandishwa, na msaidizi mpya anaajiriwa. Wote wanahitaji simuleta, na hiyo kwa kawaida ni safari ya nje ya nchi, kisha kuruka na mkufunzi kwenye njia za kawaida. Mkufunzi ni kapteni mkongwe, yaani yule yule anayewindwa na kampuni kubwa. Wakufunzi 4 wakibaki 2, foleni inasimama hata kama nafasi zipo 10. Aulize wakufunzi ni wangapi leo na mwaka jana walikuwa wangapi.

Bondi: tuseme ni dola 27,000 kwa miezi 36. Ikipungua kila mwezi ni 750, akiondoka mwezi wa 20 anadaiwa 12,000. Ikiwa haipungui, akiondoka mwezi wa 35 anadaiwa zote. Zipo za aina zote mbili, na tofauti ni sentensi moja. Muda wa bondi unaanza kuhesabiwa lini, siku ya simuleta au siku ya kuruhusiwa kuruka njia za kawaida bila mkufunzi? Wakufunzi wakiwa wachache, kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miezi 5. Na kampuni ikimpunguza yenyewe bondi inakufa? Iandikwe.

Mwisho, namba haihamishiki. fastjet, kampuni ya bei nafuu, ilianza kuruka Dar kwenda KIA (uwanja wa Kilimanjaro) na Mwanza Novemba 2012, mwisho wa 2018 ikasimama. Aliyekuwa namba 5 pale alianza upya mkiani kwingine. Spirit ya Marekani nayo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 2024, ikarudi tena Agosti 2025, na marubani wakapunguzwa.

Upepo wa Meru

Shukrani wakuu. Moja limebaki: familia iko Moshi. Anaweza kubaki Moshi akawa anakwenda Dar kikazi?

Mzee wa Rosta

Mwaka wa kwanza asijaribu. Wa mkiani ndio wanaojaza stendibai (zamu ya kukaa tayari kuitwa), na ukiitwa unatakiwa uwe uwanjani ndani ya muda ulioandikwa kwenye mwongozo wa kampuni, mara nyingi saa moja au mbili. Moshi hadi KIA tu ni kilomita 40 na ushee, bado hujapanda ndege. Halafu Desemba ndege za kutoka Dar kwenda KIA zimejaa Wachaga wanaokwenda nyumbani, tiketi ya mfanyakazi ya kusubiri nafasi itakuacha getini, na stendibai ya Krismasi ni ya kwako pia. Apange chumba Dar, ikiwezekana karibu na uwanja, upande wa Ukonga au Kipawa.

Kiti cha Kushoto

Na barua ya kuacha kazi Kisongo aitoe muda wake uishie Aprili, masika kambi nyingi zikiwa zimefungwa. Akiondoka Julai wageni wamejaa, bosi hatamsahau, na barua ya kuthibitisha saa zake anaihitaji kwa huyo huyo bosi.